UZI: Kuzirushia namba tasa sarafu. Uwezekano unavyotumika kwenye maswali ya namba ambayo hayajajibiwa

Chekeche (mleta uzi)

Wakuu, 17 ni tasa leo, ilikuwa tasa jana na haitaacha kuwa tasa. Hakuna bahati nasibu hapo. Sasa uwezekano unaingiaje kwenye nadharia ya namba?

Uwezekano hautoi uthibitisho. Unatoa makisio yenye tarakimu: jozi ngapi tutegemee kuzikuta kabla ya milioni, pengo lifike ukubwa gani, orodha iishe au isiishe. Makisio yakipishana vibaya na hesabu halisi, ujue kuna muundo uliofichika. Kazi kubwa ni kujua nini cha kuondoa kabla sarafu haijarushwa.

Msingi ni huu. Tangu 1896 (Hadamard na de la Vallée Poussin, kila mmoja kivyake) inajulikana kwamba idadi ya tasa zilizo chini ya x inakaribia x/ln x, ambapo ln ni logi asilia. Kwa hiyo ukiwa jirani ya n, katika kila namba ln n hivi utakuta tasa moja. Jirani ya 1,000,000 ln ni 13.8, jirani ya 10^100 ni 230. Mwaka 1936 Harald Cramér akaligeuza hilo kuwa mchezo: kila n kuanzia 3 ipewe sarafu yake inayotua upande wa "tasa" kwa uwezekano 1/ln n, na sarafu zote ziwe huru.

Tuujaribu kwa tasa pacha, yaani n na n+2 zote tasa, kama 11 na 13. Uwezekano ni 1/(ln n)^2. Jumlisha kuanzia 2 hadi 1,000,000, unapata kama 6,247. Jozi halisi ni 8,169. Kipeuo cha pili cha 6,247 ni 79, huo ndio mtawanyiko wa kawaida (kiasi ambacho sarafu huyumba kwa bahati tu), kwa hiyo tumepishana kwa mitawanyiko 24. Sarafu haziwezi kusingiziwa hapo. Modeli yenyewe ina kasoro. Na kasoro inaonekana hata bila kompyuta: mchezo huohuo unadai jozi za n na n+1 ni nyingi sawa na pacha, wakati ipo moja tu, 2 na 3.

Marekebisho yalikuwa yameshatolewa na Hardy na Littlewood mwaka 1923. Kwa kila tasa p, uliza uwezekano wa n na n+2 zote kukwepa kugawika kwa p, kisha linganisha na ambavyo sarafu huru zingesema.

Kwa p = 2, sarafu huru zinasema 1/2 × 1/2 = 1/4. Ukweli ni 1/2, maana n ikiwa witiri basi n+2 nayo ni witiri. Zidisha kwa 2.
Kwa p = 3, huru ni 4/9, ukweli ni 1/3 (n lazima ibakize 2). Zidisha kwa 3/4.
Kwa p = 5 unapata 15/16, kwa 7 ni 35/36, kwa 11 ni 99/100, kwa 13 ni 143/144.

Zao linakwenda 2, 1.5, 1.406, 1.367, 1.354, 1.344, na linatua kwenye 1.3203. Sasa 6,247 × 1.3203 ni 8,248. Halisi 8,169. Tofauti ni 79, na kipeuo cha pili cha 8,248 ni 91, yaani hatujafika hata mtawanyiko mmoja. Hadi 10^8 makisio ni 440,368 na halisi 440,312. Hadi 10^9 ni 3,425,308 dhidi ya 3,424,506. Mambo yanakaa hivyo huku hakuna mtu aliyethibitisha kwamba pacha hazina mwisho.

Karibuni. Maswali ya Collatz, Goldbach, Mersenne na mengine yote yanaruhusiwa humu.

BakiMoja

Mkuu, nimechukua 1.3203 × x/(ln x)^2 kwa x = 1,000,000 nikapata 6,917. Halisi 8,169. Hiyo ni pungufu kwa asilimia 15. Hizo 8,248 zimetoka wapi?

Chekeche

Hilo kosa ndilo linalowafanya watu wengi waseme kanuni ya Hardy na Littlewood haifanyi kazi. Ukitumia x/(ln x)^2 unazipa namba zote kuanzia 2 hadi milioni uwezekano wa namba ya mwisho, ambao ndio mdogo kuliko zote. Jirani ya 1,000 uwezekano ni 1/47.7, jirani ya milioni ni 1/190.9. Huwezi kuwavisha wote shati la mmoja.

Tumia jumla, au intigrali ya 1/(ln t)^2. Kwenye programu ni kitanzi kimoja: S = 0, kisha kwa kila n kutoka 2 hadi N ongeza 1/(ln n)^2, mwisho zidisha kwa 1.3203236. Kwa N = 10^6 inamalizika mara moja. Ukifika 10^9 na zaidi acha kitanzi, tumia kanuni ya Simpson kwa vipande vinavyokua: 2 hadi 4, 4 hadi 8, 8 hadi 16 na kuendelea, pointi 100 kila kipande zinatosha na kubaki.

Hizo kanuni mbili zinakaribiana mno x ikienda mbali, ila mwendo ni wa konokono. Uwiano wao ni takribani 1 + 2/ln x, na ln haina haraka.

Kipeuo

Naongezea jaribio zuri la wanaoanza. Badala ya pacha chukua jozi zinazotofautiana kwa 6, kama 23 na 29 (zisiwe lazima zinafuatana). Kila p inatoa kizidishi kilekile isipokuwa p = 3. Pale n isipogawika kwa 3, n+6 nayo haigawiki, kwa hiyo ukweli ni 2/3 dhidi ya 4/9, kizidishi ni 3/2 badala ya 3/4. Modeli inasema jozi za 6 ni mara mbili ya pacha. Jozi za 4 zinasemwa kuwa sawa na pacha. Andika programu, hesabu hadi 10^6, utaona uwiano wenyewe bila kuhitaji intigrali wala konstanti yoyote.

Goldbach (dhana kwamba kila shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya tasa mbili) ni hesabu hiyohiyo imevaa kofia nyingine: N shufwa, p na N−p zote tasa. Kila tasa witiri p inayoigawa N inaongeza kizidishi (p−1)/(p−2). Ndiyo maana N zinazogawika kwa 3 zina njia mara mbili ya jirani zao, na ukichora grafu ya idadi ya njia dhidi ya N unapata mkia wa matabaka badala ya mstari mmoja. Kwa N = 1,000,000 njia halisi ni 5,402. Kizidishi cha 5 hapo ni 4/3, msisahau kukiweka.

WitiriTu

Swali. Kama tatizo ni vigawo vidogo, kwa nini tusiachane na 1/ln n kabisa? Namba n ni tasa iwapo haigawiki kwa tasa yoyote hadi kipeuo chake cha pili. Basi uwezekano uwe zao la (1 − 1/p) kwa p zote hadi √n. Hakuna cha logi.

Chekeche

Fanya hesabu yake. Jirani ya milioni unatumia tasa 168, zilizo chini ya 1,000. Zao lake ni kama 0.081. Lakini 1/ln 1,000,000 ni 0.0724. Umezidisha kwa asilimia 12.

Hilo pengo halizibiki hata ukienda mbali. Mertens alionyesha mwaka 1874 kwamba zao hilo hadi z linakaribia 0.5615/ln z. Weka z = √n, unapata 1.123/ln n. Kile 1.123 hakitoki.

Sababu: kugawika kwa 2 na kwa 3 ni matukio huru kikamilifu, maana ndani ya kila namba 6 mfululizo michanganyiko yote ya mabaki inatokea. Kwa tasa zote hadi 1,000 huhitaji namba 6, unahitaji urefu ulio zao la tasa zote 168, namba yenye tarakimu mia kadhaa. Wewe una milioni moja tu. Michanganyiko mingi haipati nafasi ya kutokea, kwa hiyo uhuru umekufa.

Njia ya katikati ndiyo inayotumika: chagua z ndogo, ondoa namba zote zenye kigawo hadi z, halafu zilizobaki zipe sarafu yenye uwezekano (1/ln n) ÷ zao la (1 − 1/p) hadi z. Msongamano wa jumla unabaki sahihi na shufwa hazitatua upande wa tasa.

MstariWaNamba

Na hata hiyo ina mpaka. Helmut Maier mwaka 1985 aliwashtua watu: chukua vipande vifupi vyenye urefu (ln x)^λ, λ yoyote kubwa kuliko 1. Cramér angesema idadi ya tasa ndani yake inakaribia (ln x)^(λ−1). Maier akathibitisha kwamba kuna vipande visivyo na mwisho ambavyo idadi inazidi kwa asilimia isiyofifia, na vingine inapungua vivyo hivyo.

Ujanja wake: chukua P, zao la tasa zote hadi z, na utazame namba za kP + j kwa j ndogo. Kama j ina kigawo cha pamoja na P, namba nzima inagawika. Kwa hiyo j ndiyo inayoamua, k yoyote utakayoweka. Na idadi ya j zinazopona si ile ya zao la Mertens kamili. Inayumba juu na chini yake. Kuchuja kwa tasa ndogo kunaacha alama ambayo sarafu haiwezi kuifuta.

Hilo linagusa swali la mapengo. Hesabu ya Cramér ni fupi, tuiweke hapa. Uwezekano wa kutokuta tasa ndani ya namba c(ln p)^2 baada ya p ni (1 − 1/ln p) ikipandishwa kipeo c(ln p)^2, ambayo ni karibu p^(−c). Jumla ya n^(−c) ina kikomo c ikizidi 1, haina kikomo c ikiwa 1 au pungufu. Kwa hiyo pengo kubwa kabisa linapaswa kugusa (ln p)^2 na kuishia hapo. Andrew Granville, akizingatia alama ya Maier, alisema kile kikomo cha 1 kinapaswa kupanda hadi angalau 1.1229. Ni ile 1.123 ya WitiriTu imerudi kwa mlango wa nyuma.

Data haijaamua. Ukiacha 2, 3 na 7, uwiano mkubwa unaojulikana ni pengo la 1,132 baada ya 1693182318746371: ln yake ni 35.065, kipeo cha pili 1,229.6, uwiano 0.9206. Kwa kulinganisha tu, kanuni ya x^0.525 (pengo jirani ya x kubwa halizidi hapo) iliyothibitishwa na Baker, Harman na Pintz mwaka 2001 inatoa karibu milioni 99 kwa ukubwa huo wa namba. Kati ya 1,132 na milioni 99 ndipo uthibitisho wetu wote unapolala.

BakiMoja

Hapo kwenye "jumla ina kikomo" ndipo napotelea. Kwa nini jumla ndiyo inaamua kama orodha inaisha?

Kipeuo

Ni kanuni ya Borel na Cantelli. Una matukio yasiyo na mwisho, kila moja na uwezekano wake. Jumla ya uwezekano wote ndiyo idadi unayotarajia. Ikiwa na kikomo, matukio yatakayotokea ni ya kuhesabika, kwa hakika ya asilimia 100. Ikiwa haina kikomo na matukio ni huru, yatatokea bila mwisho.

Mifano mitatu kwa ukali unaopishana.

Namba za Fermat, 2^(2^n) + 1. Tasa zinazojulikana ni tano: 3, 5, 17, 257, 65537. Euler aliigawa inayofuata mwaka 1732: 641 × 6700417. Uwezekano wa juujuu ni 1/(2^n × ln 2), unapungua nusu kila hatua, jumla ina kikomo. Lakini subiri: vigawo vyake vyote, kuanzia n = 2, ni vya umbo k·2^(n+2) + 1, kwa hiyo tasa zote ndogo zimeshaondolewa na lazima tupandishe uwezekano. Kupandisha ni kuzidisha kwa e^γ × ln ya mpaka, ambapo e^γ ni 1.781. Inatoka 1.781(n+2)/2^n. Zote kuanzia n = 5 hadi 32 zimeshajulikana kuwa si tasa. Jumla ya zilizobaki, kuanzia 33, ni kama 1.5 katika milioni mia. Ndiyo maana watu wanasema hakuna ya sita.

Namba za Mersenne, 2^p − 1. Hapa kurekebisha ni suala la uhai. Ukitumia 1/(p ln 2) kavukavu na kujumlisha juu ya tasa p zote hadi 136,279,841, unapata kati ya 4 na 5. Zinazojulikana ni 52! Kilichosahaulika: kila kigawo cha 2^p − 1 ni cha umbo 2kp + 1, kwa hiyo hakuna kigawo chini ya 2p. Pandisha kwa e^γ × ln(2p), na kwa p zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 4 tumia 6p, maana 2p+1 na 4p+1 nazo haziwezekani (vigawo lazima vibakize 1 au 7 kwa 8). Haya ni makisio ya Wagstaff. Kwa muhtasari yanatoa 2.57 × ln y kwa vipeo hadi y. Kwa y = 136,279,841 ni 48. Kutoka 4 hadi 48 kwa kuongeza ukweli mmoja wa shule.

Tasa za Wieferich: p ambayo kipeo chake cha pili kinagawa 2^(p−1) − 1. Zinajulikana 1093 na 3511 tu. Uwezekano ni 1/p, na jumla ya 1/p haina kikomo lakini inakua kama ln ln x. Kati ya 3511 na 10^17 tulitegemea 1.57, tumepata sifuri. Uwezekano wa kupata sifuri hapo ni e^(−1.57), yaani 0.21. Wala hakuna cha kushangaa. Anayesema "tumetafuta hadi 10^17 hakuna, basi zimeisha" hajakokotoa hiyo 0.21.

WitiriTu

Na Collatz (shufwa igawe kwa 2, witiri n iwe 3n+1, inadhaniwa kila namba hufika 1)? Nusu ya hatua zinagawa kwa 2, nusu zinazidisha kwa 3, mbona haipandi?

MstariWaNamba

Kwa sababu baada ya 3n+1 unapata shufwa daima, na mgawanyo wa 2 unakuja bure. Andika hatua fupi: witiri n inakwenda (3n+1)/2, shufwa inakwenda n/2. Wastani wa logi kwa hatua ni ½ ln(3/2) + ½ ln(1/2) = ½ ln(3/4) = −0.1438. Kwa hiyo kufika 1 kunachukua kama 6.95 × ln n hatua fupi. Kwa 27 hiyo ni 23, na yenyewe inachukua 70, lakini 27 ni mtukutu anayejulikana. Chora wastani wa namba 10,000 mfululizo jirani ya 10^9 uone.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sarafu ya Collatz ni ya kweli kabisa kwa mwanzo. Kati ya mabaki 2^k ya kugawanya kwa 2^k, kila mpangilio wa shufwa na witiri wa hatua fupi k za mwanzo unatokea mara moja tu. Hapo hakuna kukisia hata kidogo. Kwa n ya ukubwa wa 10^20 uhalali huo unakwenda hatua 66 hivi. Safari nzima inategemewa kuwa 320. Hizo 254 za mwisho ndizo za kukisia, na ndipo tatizo lilipo. Terras mwaka 1976 alitumia sehemu halali kuonyesha kwamba karibu namba zote hushuka chini ya zilipoanzia. Terence Tao mwaka 2019 akasogea mbali zaidi: karibu zote, kwa kipimo cha logi (kila n ikipewa uzito 1/n), hufika chini ya f(n), f ikiwa kitendakazi chochote kinachokua bila mwisho, hata kikikua polepole namna gani.

Sasa mtego. Badilisha 3n+1 kuwa 3n−1. Sarafu ni ileile, −0.1438 ileile. Lakini anza na 5: 14, 7, 20, 10, 5. Umerudi. Na 17 ina mzunguko wake mwingine wa hatua 18. Hesabu ya sarafu inakwambia namba hazitapaa. Haikwambii zitatua wapi. Wenye "uthibitisho" wa Collatz wa kurasa mbili waupitishe kwanza kwenye 3n−1. Kama unapita, umethibitisha uongo.

Kwa 5n+1 wastani unakuwa ½ ln(5/4) = +0.1116, chanya. Anza na 7 inapanda na kupanda. Hakuna aliyethibitisha kwamba haitarudi.

Chekeche

Niongeze mitego mingine, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoangukia.

Mtego wa aljebra. Chukua n^4 + 4. Sarafu zinasema uwezekano ni kama 1/(4 ln n), na ukirekebisha kwa vigawo vidogo bila kutazama polinomia yenyewe utaanza kutegemea tasa nyingi. Ipo moja: n = 1 inatoa 5. Sababu ni kwamba n^4 + 4 = (n² + 2n + 2)(n² − 2n + 2). Kabla ya kurusha sarafu yoyote hakikisha polinomia haivunjiki. Upande wa pili kuna n^12 + 488669, haivunjiki, na bado tasa ya kwanza inatokea n = 616980. Vigawo vidogo vimeibana vibaya, na kizidishi chake ni kidogo mno. Ukiacha kwenye n = 500,000 ungesema haitoi tasa kamwe.

Mtego wa mpakani. Fermat: x^n + y^n = z^n. Kuna utatu X^3 hivi wa ukubwa X, na tofauti ya pande mbili imesambaa juu ya X^n. Idadi inayotegemewa kila ukubwa ukiongezeka mara mbili ni X^(3−n). Kwa n = 2 ni X, na kweli zimejaa. Kwa n = 4 na kuendelea jumla ina kikomo, basi chache au hakuna. Kwa n = 3 ni X^0, namba isiyobadilika kila mara mbili, jumla inakua kama ln X, bila mwisho. Lakini hakuna hata moja, tunajua tangu enzi za Euler. Sasa tazama x^4 + y^4 + z^4 = w^4, nayo iko mpakani vilevile: X^4 juu ya X^4. Euler alidhani hakuna. Mwaka 1988 Noam Elkies akaonyesha zipo zisizo na mwisho, na Roger Frye akapata ndogo kuliko zote: 95800^4 + 217519^4 + 414560^4 = 422481^4. Mpaka mmoja, majibu mawili. Jumla ikikua kwa logi, sarafu ikae kimya na jiometri ya mlinganyo iongee.

Kipeuo

Mtego wa tatu ni "tumekagua hadi mbali". Hesabu vigawo tasa vya n pamoja na marudio: vikiwa shufwa toa +1, witiri toa −1, jumlisha kuanzia 1 hadi n. Pólya mwaka 1919 aliuliza kama jumla haizidi sifuri kamwe kuanzia n = 2. Sarafu zinasema haiwezekani: matembezi ya kubahatisha lazima yavuke sifuri tena na tena. Data ilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, hadi 906,150,257. Hapo ndipo inapozidi kwa mara ya kwanza. Sarafu ilikuwa sahihi, milioni mia tisa za ushahidi zilipotosha.

Ndugu yake ni dhana ya Mertens, kwamba M(x) haizidi √x (M(x) ni jumla kama hiyo hadi x, ila namba inayogawika kwa kipeo cha pili cha tasa hutoa 0). Hadi 10^6, M ni 212 na √x ni 1,000. Zinaonekana mbali. Lakini matembezi ya kubahatisha huzidi √x bila mwisho, kwa kiasi kinachokua kama kipeuo cha pili cha ln ln x. Odlyzko na te Riele waliikanusha mwaka 1985, na hadi leo hakuna x mahususi inayojulikana. Kikiingia ln ln kwenye makisio yako, kompyuta haina la kukusaidia.

BakiMoja

Basi sarafu ndiyo mshindi?

MstariWaNamba

Hapana. Tasa za 4k+3 dhidi ya 4k+1. Hadi milioni ni 39,322 kwa 39,175. Tofauti ya 147 ni ndogo kuliko 280 ya mtawanyiko, sarafu haioni kitu. Lakini fuatilia x kwa x: 4k+1 haiongozi hata mara moja kabla ya 26,861. Rubinstein na Sarnak mwaka 1994, wakitegemea dhana mbili zenye nguvu ambazo hazijathibitishwa, walipata kwamba 4k+3 huongoza asilimia 99.59 ya muda kwa kipimo cha logi. Vipeo vya pili vya tasa witiri vyote hubakiza 1 kwa 4, na kinachojisawazisha ni tasa pamoja na vipeo vyake, kwa hiyo upande wa 4k+1 unalipa deni la karibu √x/ln x.

Na tarakimu za mwisho: katika tasa milioni mia za mwanzo, inayoishia na 1 hufuatwa na nyingine inayoishia na 1 asilimia 18.5 tu, sarafu zingesema 25. Lemke Oliver na Soundararajan walilieleza mwaka 2016, na kilichowapa maelezo ni vizidishi vilevile vya Hardy na Littlewood vilivyo kwenye posti ya kwanza. Upendeleo unafifia, ila polepole mno.

WitiriTu

Nataka kujaribu n² + 1 mwenyewe. Hatua?

Chekeche

Kwanza kizidishi. Kwa p witiri, n² + 1 inagawika kwa p kwa mabaki mawili ikiwa p inabakiza 1 kwa 4, na kwa sifuri ikiwa inabakiza 3. Kizidishi ni (1 − 2/p)/(1 − 1/p) kwa aina ya kwanza na 1/(1 − 1/p) kwa ya pili. Kwa p = 2 ni 1. Zidisha kwa mpangilio wa ukubwa, usizipange aina moja kwanza kisha nyingine, maana zao hili linatulia kwa sababu tu aina mbili zinapokezana, ukizitenganisha linakimbia. Linatua 1.3728.

Pili uwezekano: ln(n² + 1) ni karibu 2 ln n, kwa hiyo jumlisha 1/(2 ln n) na uzidishe kwa 1.3728. Hadi n = 10^6 inatoka kama 53,970.

Tatu hesabu halisi. Usipime kila n² + 1 kivyake. Tengeneza safu a[n] = n² + 1, kisha pita n kutoka 1. Kama a[n] bado ni kubwa kuliko 1, iite q. Hiyo q ni tasa (thamani ya mwanzo ikibaki nzima, n² + 1 yenyewe ni tasa). Gawanya kwa q kila a[m] ambapo m ni n + kq au −n + kq, rudia hadi isigawike. Tumia namba kamili za biti 64, n² hapa inafika 10^12 na biti 32 zitafurika kimyakimya bila kukupa kosa lolote.

WitiriTu

Nimepata 54,109.

Kipeuo

Ni 54,110. Umeanzia n = 2. Ile 1² + 1 = 2 nayo ni tasa.